BMI Inapotuambia Tuko Salama

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba. Uzito wa mtu kwa kilo unagawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 64 mwenye urefu wa mita 1.60 hupigiwa hivi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 64 ukigawanya kwa 2.56 unapata 25 kamili. Hiyo 25 ndiyo uwiano wa uzito na urefu wake, ambao hospitalini na hata mitaani watu wamezoea kuuita BMI. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, WHO, mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 uzito wake ni wa kawaida. Kuanzia 25 hadi chini ya 30 uzito umezidi. Na kuanzia 30 kwenda juu ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, ambao nao hupangwa katika madaraja matatu yanayotenganishwa na 35 na 40. Mwanamke wetu amesimama juu ya mstari. Akipungua nusu kilo anarudi kwenye kawaida. Akipimwa urefu bila kuvua viatu vinavyomwongezea sentimita 2, anapata 24.4 na anaruhusiwa kwenda zake bila neno lolote, ingawa mwili wake ni uleule.

Lawama dhidi ya kipimo hiki zimezoeleka, na inayotangulia daima ni ile ya misuli. Mizani haijui kilo ipi ni ya mafuta na ipi ni ya nyama, mfupa au maji, kwa hiyo mcheza raga au mpagazi wa bandarini aliyejengeka kifua na mapaja anaweza kuandikiwa uzito uliozidi ilhali hana mafuta ya ziada. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini tumeikariri mno, na kwa kuikariri tumelipa kisogo kosa kubwa zaidi la kipimo hiki. Wapagazi na wacheza raga ni wachache, na yeyote anayewatazama kwa macho anajua kwamba namba imewaonea. Kosa linaloumiza watu wengi, hasa katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ni la upande wa pili: kumwambia aliye hatarini kwamba hana neno. BMI ikifika 32 au 36, mara nyingi ina jambo la kweli la kusema. Ikiwa 22 au 24, haijasema mengi, na sisi tunaipokea kama hati ya afya njema. Nakusudia kuonyesha kwamba kipimo hiki kina ushahidi mzito kikitoa onyo na ushahidi mwepesi kikinyamaza, na kwamba tofauti hiyo inatokana na jinsi kilivyotengenezwa tangu mwanzo.

Asili yake haiko hospitalini. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, alikuwa mwanafalaki na mtu wa hesabu. Jinsi wanafalaki walivyokusanya vipimo vingi vya nyota moja ili wapate mahali pake pa kweli, ndivyo naye alivyotaka kukusanya vipimo vya watu wengi ili ampate mtu wa wastani. Katika kitabu chake kuhusu binadamu, kilichochapishwa mwaka 1835, alieleza kwamba kati ya watu wazima uzito huongezeka takriban kwa kufuata kipeo cha pili cha urefu. Hakuwa akiuliza nani mnene na nani mwembamba, wala nani atapata kisukari. Alitaka kanuni inayoeleza umati. Kwa zaidi ya karne nzima kanuni yake ilibaki katika vitabu vya takwimu bila kugusa chumba cha daktari.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye hicho kipeo cha pili, maana ndipo ilipo siri ya nguvu na udhaifu wa kipimo. Kama watu warefu wangekuwa watu wafupi waliokuzwa kila upande kwa kiasi kilekile, uzito ungefuata kipeo cha tatu, kama sanduku linalokuzwa kwa urefu, upana na kina. Mtu wa mita 1.50 mwenye kilo 50 ana BMI ya 22.2. Mkuze mtu huyo awe na mita 1.80 bila kubadili umbo lake hata kidogo, na uzito wake utafika kilo 86.4, BMI 26.7. Umbo ni lilelile na sehemu ya mafuta mwilini ni ileile, lakini mmoja anaitwa wa kawaida na mwenziwe anaambiwa apunguze. Kinachookoa kanuni ya Quetelet ni kwamba binadamu hawakui hivyo: kwa wastani warefu huwa wembamba zaidi kuliko picha iliyokuzwa ya wafupi, kwa hiyo kipeo cha pili kinakaribia ukweli kuliko cha tatu. Mwanahisabati wa Oxford, Nick Trefethen, alipendekeza mwaka 2013 kwamba kipeo cha 2.5 kingewatendea haki zaidi warefu na wafupi. Tusiingie katika ugomvi huo. Linalotosha ni kuona kwamba kipeo cha pili si sheria ya maumbile kama ile ya kitu kuanguka chini. Ni muhtasari wa jinsi miili ya watu fulani ilivyoonekana ilipopangwa pamoja, na muhtasari wa kundi hauna wajibu wa kumfaa kila aliyemo, seuze asiyekuwemo.

Mtu aliyeutoa muhtasari huo vitabuni na kuupeleka kwenye utafiti wa magonjwa ni Ancel Keys, Mmarekani aliyechunguza chakula na maradhi ya moyo. Wakati wake, kampuni za bima ya maisha za Marekani, Metropolitan Life ikiwa mbele, zilikuwa zimetoa majedwali ya uzito unaofaa, yaliyotokana na watu waliokuwa na uwezo wa kukata bima. Keys hakuridhika nayo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini, wakalinganisha kanuni mbalimbali za uzito na urefu na unene wa mikunjo ya ngozi uliopimwa kwa koleo maalumu. Kanuni ya Quetelet ikaonekana kuwa angalau haizidiwi na nyingine, ndipo wakaipa jina inalojulikana nalo leo. Sifa waliyoipa ilikuwa ya kiasi. Na wanawake hawakuwemo kabisa katika hesabu ile, jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayesimamia kliniki ambako wapimwaji wengi ni wanawake.

Mistari ya 25 na 30 ilikuja baadaye, nayo ni makubaliano ya wataalamu waliotazama mikondo ya vifo na maradhi, hasa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, wakachagua namba rahisi kukumbuka. Marekani yenyewe hadi mwaka 1998 ilikuwa ikihesabu uzito uliozidi kuanzia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo taasisi zake za afya zilishusha mstari hadi 25 ili zilingane na WHO, na mamilioni ya watu wakaingia kundi jipya bila kuongezeka hata gramu moja. Sisemi hivyo ili kudai kwamba mistari haina maana. Mwalimu naye lazima aweke alama ya kufaulu mahali fulani. Nasema ili ieleweke kwamba mwilini hakuna kinachogeuka ghafla kutoka 24.9 kwenda 25.

Sasa wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba kipimo kilichozaliwa hivi, kwa mkono wa mwanafalaki wa karne ya 19, kwa miili ya Wazungu zaidi kuliko wengine, kitupwe. Siwaungi mkono, kwa sababu chanzo cha chombo hakitoshi kuonyesha kama kinafanya kazi. Ushahidi wa upande wa juu ni mzito. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti 57 zenye watu wazima karibu 900,000, wakaona kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kati ya 22.5 na 25, na kwamba juu ya hapo kila nyongeza ya 5 iliambatana na ongezeko la vifo la kama asilimia 30. Waliokuwa kati ya 30 na 35 walipoteza miaka 2 hadi 4 ya maisha. Waliokuwa kati ya 40 na 45 walipoteza miaka 8 hadi 10, kiasi kinacholingana na madhara ya kuvuta sigara maisha yote. Mwenye BMI ya 40 akiambiwa kwamba namba hiyo ni uzushi wa kikoloni tu, atakuwa amedanganywa kwa jambo linalogusa uhai wake.

Ni kweli kwamba mwaka 2013 uchambuzi mwingine mkubwa, ulioongozwa na Katherine Flegal, uliona vifo vichache kidogo, pungufu kwa asilimia 6, kati ya watu wa 25 hadi chini ya 30 kuliko kati ya waitwao wa kawaida. Wapinzani wake walijibu kwamba wavutaji sigara na wagonjwa waliokonda kabla ya kufa ndio walioharibu sura ya kundi la kawaida, na uchambuzi wa mwaka 2016 uliowatenga watu wa namna hiyo ulirudisha hatari kuanzia 25. Mabishano hayo hayajatulia, nami nayasoma hivi: mstari wa 25 ni wa chaki, unaweza kusogezwa huku na huko kulingana na nani amehesabiwa, bali kuanzia 35 kwenda juu hakuna uchambuzi wa maana unaoonyesha usalama.

Namba hii ina kazi nyingine inayoifanya vizuri, nayo ni kuhesabu umma. Takwimu za afya za Kenya zilionyesha kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 25 katika utafiti wa 2008–09, na asilimia 33 mwaka 2014. Tanzania katika utafiti wa 2015–16 ilipata asilimia 28. Kasoro zote za kipimo zilikuwepo Kenya katika mwaka wa kwanza na katika mwaka wa pili vilevile, kwa hiyo tofauti kati ya miaka hiyo miwili haiwezi kutokana na kasoro hizo. Kitu kimebadilika kwenye sahani, kwenye kazi na kwenye usafiri wa watu, na serikali isingekiona bila kipimo kinachotaka mizani na ubao wa urefu tu. Kwa kazi hiyo ya kutazama nchi nzima, sijaona mbadala wa bei hiyo.

Tatizo linaanza pale namba ya umma inapoteremshwa hadi kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya mhudumu wa afya. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya 13,000 ambao, mbali na kupimwa uzito na urefu, walipimwa pia kiasi cha mafuta mwilini kwa kupitishiwa umeme hafifu. Kati ya wanaume ambao mafuta yao hayakuzidi kiwango, BMI ya 30 iliwashtaki kwa makosa 5 tu katika kila 100. Kati ya wanawake wa namna hiyo, 1 katika kila 100. Hao ndio wenye misuli, wale tunaowalilia kila siku. Sasa geuza upande wa pili. Kati ya wanaume 100 waliokuwa na mafuta yaliyozidi, kipimo kiliwagundua 36. Kati ya wanawake 100, kiliwagundua 49. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa na mafuta ya ziada walipita bila kusimamishwa. Mtu anaweza kusema: basi shusha mstari hadi 25, utawanasa wengi zaidi. Utawanasa, lakini utawabeba pamoja nao wengi wasiohusika, na bado hutampata yule ambaye hatari yake haiko kwenye jumla ya kilo bali mahali zilipokaa.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio na mafuta yanayozingira ini na utumbo hayafanyi kazi moja. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na mizani haiwezi kuyatenganisha na mengine. Mfano uliowahi kutolewa mwaka 2004 na madaktari wawili juu ya miili yao wenyewe haujapitwa na wakati. Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London walipiga picha pamoja wakachapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3, namba ambayo mhudumu yeyote angeipigia alama ya vizuri. Mafuta katika mwili wa Yudkin yalikuwa asilimia 9.1, katika mwili wa Yajnik yalikuwa asilimia 21.2, zaidi ya mara mbili.

Jambo hilo si la Pune peke yake, linatugusa. Miji ya pwani yetu, Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, na ng'ambo kule Oman, ina watu wenye asili ya Bara Hindi, ya Uarabuni na ya bara la Afrika, wanaopimwa kwa mistari ileile katika zahanati zilezile. Mwaka 2021 watafiti nchini Uingereza walichunguza kumbukumbu za watu milioni 1.47, wakauliza: hatari ya kisukari aliyonayo Mzungu mwenye BMI ya 30, wengine wanaifikia kwenye namba gani? Kwa watu wa asili ya Asia Kusini jibu lilikuwa 23.9. Kwa Waarabu lilikuwa 26.6, kwa Wachina 26.9, na kwa watu weusi 28.1. Yaani Mhindi anayeambiwa na chati kwamba ana uzito wa kawaida anaweza kuwa amekwisha kufika mahali ambapo Mzungu angeitiwa daktari. WHO yenyewe ilikubali mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia hatua za kinga zianzie 23. Kwa Waafrika haijawekwa mistari ya aina hiyo, na hapa nataka kuonya dhidi ya kukopa jibu la wengine upya. Utafiti wa Afrika Kusini umeonyesha kwamba wanawake weusi wana mafuta machache ya ndani ya tumbo kuliko wanawake weupe wenye unene sawa nao, lakini insulini yao haifanyi kazi vizuri zaidi. Inafanya vibaya zaidi. Mwili wa Mwafrika haukuandikiwa kanuni huko Ubelgiji wala huko Pune. Lazima upimwe wenyewe, hapa hapa.

Na tukiupima tunakuta jambo ambalo chati haikulitarajia: kisukari cha watu wembamba. Watafiti wa Uganda wameeleza wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani ambao hawakuwa na uzito uliozidi wakati ugonjwa ulipogunduliwa. Wengine inadhaniwa kongosho zao hazitoi insulini ya kutosha, pengine kwa lishe duni ya utotoni. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, lilitambua rasmi aina ya kisukari inayohusiana na utapiamlo, ambayo dalili zake zilikuwa zimeelezwa tangu miaka ya 1950. Mgonjwa wa namna hii akifika kituoni akiwa na BMI ya 21, mhudumu aliyefundishwa kwamba kisukari ni cha wanene hana sababu ya kumtoboa kidole. Tuongeze historia yetu. Katika miaka ya 1980 Uganda iliuita UKIMWI "slim", na katika eneo lote hili kukonda kukawa dalili ya kuogopwa, huku mwili uliojaa ukichukuliwa kuwa ushahidi wa afya na wa maisha mazuri. Jamii iliyopita katika msiba ule inaelewa kwa nini mtu hataki kupungua. Lakini jamii hiyohiyo sasa imepokea fundisho la pili, kwamba mnene ndiye mgonjwa, na kati ya mafundisho hayo mawili mwembamba mwenye kisukari hana mahali pa kusimama.

Upande wa chini wa chati nao una matatizo yake, na hapa kosa linarudi kuwa la kushtaki. Watu wa jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na Sudan Kusini, Waturkana na Wadinka kwa mfano, wana miguu mirefu kwa kulinganisha na kiwiliwili. Mguu ni mwepesi kuliko kiwiliwili kwa kila sentimita ya urefu, kwa hiyo mwenye miguu mirefu huongeza urefu bila kuongeza kilo za kulingana nao, na kanuni inamsoma kama aliyedhoofika. Mwaka 1994 mtafiti Norgan alikadiria kwamba sehemu ya urefu iliyo ya kiwiliwili, ukipima mtu akiwa ameketi, ikipungua kwa 0.01 tu, BMI hushuka kwa takriban 0.9. Watu wa makundi mawili wakitofautiana kwa 0.03, wanatofautiana kwa karibu 2.7 bila mmoja kumzidi mwenziwe kwa shibe. Aliyeandikiwa 18 angesomeka 20.7 kama angejengwa kwa umbo la mwingine. Hilo lina uzito pale mstari wa 18.5 unapotumika kuamua nani apewe chakula cha msaada na nani asipewe, au kutangaza kwamba wilaya nzima ina njaa. Wapo wanaohofia kwamba ukilisema hili unazipa serikali kisingizio cha kupuuza njaa ya wafugaji. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kupima kwa njia isiyotegemea urefu. Mzingo wa mkono wa juu, unaopimwa kwa utepe uleule uliozoeleka kliniki za watoto, hautegemei urefu wa miguu, na katika ukame ndio unaofaa kutangulia.

Makundi mengine nayapitia kwa haraka, kwa sababu wahudumu wengi wanayajua. Mwanamke ana mafuta mengi kuliko mwanamume wa BMI sawa, kwa takriban asilimia 10 ya mwili, na hayo ni maumbile yake. Mjamzito hapimwi kwa mistari hii. Mzee hupungua misuli na uti wa mgongo wake hujikunja, kwa hiyo namba inaweza kubaki palepale huku nyama ikitoka na mafuta yakiingia. Watoto wana chati zao za umri na jinsia. Zile za WHO za mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, jambo linaloonyesha kwamba dunia inajua kukusanya miili tofauti ikiamua.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la mfuko. Zahanati ya kijijini yenye mhudumu mmoja na foleni ya akina mama tangu alfajiri haina mashine ya kupima mafuta, na haitakuwa nayo karibuni. Ukiwaambia BMI haitoshi, je, hujawanyang'anya hata kile kidogo walichonacho? Hapana, kwa sababu kipimo cha kuongezea, utepe wa kupimia kiuno, kinapatikana kwa kila fundi cherehani. Uchunguzi wa INTERHEART wa mwaka 2005, uliohusisha nchi 52, ulionyesha kwamba uwiano wa kiuno na nyonga ulitabiri mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko BMI. Kiuno kinaonyesha angalau kwa kukadiria yale mafuta ya ndani ambayo mizani haiyaoni.

Mzingo wa kiuno nao si msahafu. Mhudumu akishusha utepe vidole viwili chini, anapata jibu jingine. Mpimwaji akivuta tumbo, jingine tena. Na wapo wanawake ambao hawataki kuguswa kiunoni na mhudumu wa kiume, nao wana haki. Mistari yake pia ilikopwa. IDF ilipotoa viwango vyake mwaka 2006 ilisema wazi kwamba Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie vile vya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, hadi takwimu zao zipatikane. Zaidi ya miaka kumi baadaye, uchambuzi wa tafiti 17 kutoka nchi nane za Afrika, zenye watu zaidi ya 24,000, ulipata kwamba mstari unaofaa ni karibu sentimita 81 kwa wote, wanaume kwa wanawake. Kwa mwanamume wa Kiafrika hiyo ni tofauti ya sentimita 13. Mwenye kiuno cha sentimita 88 na BMI ya 24 alikuwa ameambiwa mara mbili kwamba yuko salama, mara moja na mizani na mara ya pili na utepe wa kukopa.

Kwingine mambo yanabadilika. Chama cha madaktari wa Marekani kilikiri mwaka 2023 kwamba BMI peke yake ni kipimo chenye upungufu. Mwezi Januari 2025 jopo la kimataifa lililoongozwa na Francesco Rubino lilipendekeza kwamba kiribatumbo kisitangazwe kwa BMI pekee, bali kithibitishwe kwa kiuno au kwa kupima mafuta yenyewe, isipokuwa pale BMI inapopita 40, ambako mafuta ya ziada hayana haja ya kuthibitishwa. Hatua hiyo ni nzuri, lakini soma kwa makini: inamlinda zaidi aliyeshtakiwa kwa makosa. Mlango wa kuingilia kwenye uchunguzi katika zahanati nyingi bado ni BMI kubwa, na aliye na namba ndogo hafiki mlangoni. Wizara zetu za afya zisingoje mapendekezo yanayofuata. Ziagize kila kituo kinachopima uzito kipime na kiuno, zichapishe mistari inayotokana na Waafrika badala ya ile ya kuazima, na ziondoe BMI katika sharti la kumpima mtu mzima sukari na shinikizo la damu.

Nawe msomaji usingoje waraka. Uingereza tangu mwaka 2022 inawashauri watu wake wahakikishe kiuno hakifiki nusu ya urefu, na kanuni hiyo haihitaji hata kujua kusoma namba. Chukua kamba, ipime sawa na urefu wako kuanzia utosini hadi kisiginoni, ikate, kisha uikunje katikati. Izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukipumua kama kawaida. Ncha zisipokutana, nenda ukapime sukari na shinikizo la damu wiki hii, hata kama BMI yako ni 23. Na kama kwenu kuna historia ya kisukari, nenda hata zikikutana.